Shanga za Kalenda Kuukuu

Msikilizaji, usichome kalenda ya mwaka jana. Kampala, mtaa wa Acholi Quarter, kina mama waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda hujipatia riziki kwa shanga za karatasi.

Kata karatasi inayong'aa iwe pembetatu ndefu, nyembamba. Anzia upande mpana, uviringishe kwenye kijiti cha meno huku ukikaza, ncha iishie katikati, kisha ugandishe kwa gundi. Upana wa kitako ndio urefu wa ushanga. Utepe ukirefuka, ushanga hunenepa.

Vanishi ndiyo kazi yenyewe. Paka mara mbili au tatu, kila mara ikauke kabisa, maana ushanga uliopakwa haraka ukilowa jasho hufumuka. Tafadhali, pakia nje, penye hewa, watoto wakiwa mbali.

Tunga kwa uzi wa nailoni.