SI KILA HOMA NI MALARIA



Katika vituo vya afya vya Pemba hutokea jambo ambalo miaka 30 iliyopita lisingesadikika. Mama hufika asubuhi na mwanawe mwenye homa kali, mtoto hutolewa tone la damu kidoleni, kipimo cha haraka huwekwa mezani, na baada ya muda mfupi mhudumu hutamka kwamba hakuna malaria. Mama huyo, badala ya kufurahi, hushuku. Hudhani kipimo ni kibovu, au mhudumu haijui kazi yake. Na akitoka hapo hupitia duka la dawa akanunua vidonge vya malaria kwa fedha zake mwenyewe. Mhudumu naye, kwa kuwa hana jina la kuupa ugonjwa wa mtoto, aghalabu huandika antibiotiki ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu.

Wote wawili hawana nia mbaya. Kinachowaponza ni neno moja. Kwa vizazi vingi mtu wa Pemba aliposema ana homa, alikuwa na maana ya malaria, na mara nyingi hakukosea. Kabla ya mwaka 1957, Shirika la Afya Duniani lilipoanza visiwani kampeni ya kunyunyizia dawa majumbani, zaidi ya nusu ya wakaazi waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Kampeni ile ilifanikiwa sana. Ilipofikia mwaka 1968 waliokuwa na vimelea walikuwa wachache mno, kisha kazi ikasitishwa. Na haikupita miaka mingi malaria ikarudi kwa nguvu zake zote, kana kwamba hapakuwahi kufanyika lolote. Ilibidi kungojea hadi mwaka 2003, zilipoletwa dawa mseto, na miaka michache baadaye vyandarua vyenye dawa na upuliziaji mpya, ndipo maradhi hayo yaliposhuka tena. Tangu mwaka 2008 au karibu na hapo, uchunguzi wa wakaazi wa Zanzibar umekuwa ukionyesha chini ya mtu mmoja katika kila 100 mwenye vimelea.

Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini malaria imepungua kwa kasi kuliko mazoea ya watu. Homa zingali zipo, watoto wangali wanaungua, na jibu lililozoeleka limeondoka. Mwaka 2011 watoto 677 wenye homa walichunguzwa kwa makini katika kituo kimoja cha afya kisiwani Unguja. Malaria ilikuwa adimu, na homa nyingi zilitokana na virusi. Hata hivyo karibu robo tatu ya watoto hao walipewa antibiotiki, ilhali waliozihitaji kweli, kwa hesabu ya baadaye, walikuwa kama mmoja tu katika kila watano. Hapana sababu ya kudhani kwamba hali ya Pemba ilikuwa tofauti sana.

Basi ni zipi homa hizo nyingine? Ziko za mafua, za kifua, za tumbo, na hizo si maudhui ya mazungumzo haya. Lakini ziko pia zinazoletwa na mbu, nazo ni dengue na chikungunya. Mtumishi wa afya anayezisikia leo hudhani ni maradhi mageni yaliyokuja na ndege. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1870 daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi Zanzibar, James Christie, aliandika habari za homa iliyouvamia mji ghafla, ikawakunja watu kwa maumivu ya viungo. Wenyeji walimwambia jina lake, kidinga pepo, na wazee waliikumbuka homa kama hiyo iliyopita mnamo mwaka 1823. Wataalamu wengi wanaamini kwamba neno dengue, linalotumika sasa duniani kote, limetokana na jina hilo la Kiswahili. Nalo neno chikungunya ni la Kimakonde, lenye maana ya kile kinachomkunja mtu, na ugonjwa huo ulitambuliwa na sayansi kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953. Wapo hata wanaosema kwamba kidinga pepo cha Christie kilikuwa chikungunya hasa, wala si dengue. Watu wa mwambao huu waliyapa maradhi hayo majina kabla ya vitabu vya udaktari kuyajua. Ni ajabu kwamba leo majina yamekwenda ulimwenguni na yenyewe yamesahauliwa nyumbani.

Wala si habari za kale tu. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019, wagonjwa walipohesabiwa kwa maelfu. Kutoka Dar es Salaam hadi Pemba ni safari ya boti, au ya ndege ndogo isiyomaliza saa mbili. Damu ya watoaji damu wa Zanzibar ilipopimwa mnamo mwaka 2011, karibu nusu yao walikutwa na alama za kuwahi kuambukizwa dengue au virusi vinavyofanana navyo. Hao walikuwa watu wazima wenye afya, ambao kwa wingi wao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wameugua kitu hicho. Waliambiwa ni malaria, au hawakuambiwa kitu.

Hapa yafaa kumwangalia mbu mwenyewe, kwani mbu si mmoja. Yuko anofelesi, anayeleta malaria, naye huuma usiku. Yuko kyuleksi, yule wa makaro na vyoo, anayeeneza vimelea vya matende na mabusha; naye ni wa usiku. Yuko hata mbu aliyepewa jina la kisiwa hiki, Aedes pembaensis, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1901; huyo huishi katika mashimo ya kaa mikokoni, na mayai yake hutagwa juu ya mwili wa kaa wenyewe, jambo ambalo wavuvi wa pwe wanaweza kulistaajabia kama walivyolistaajabia wanasayansi. Na yuko Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye ndiye mbebaji mkuu wa dengue na chikungunya. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi baada ya kupambazuka na jioni kabla ya magharibi. Chandarua cha kulalia, ambacho kimeokoa maisha ya watoto wengi na ambacho hakuna anayepaswa kukiacha, hakimzuii mbu huyu kumuuma mwanafunzi dawatini wala karani mezani pake.

Zaidi ya hayo, Aedes hapendi madimbwi ya shambani wala maji ya karo. Hupenda maji safi yaliyotuama karibu na watu: pipa, dumu lililokatwa, mtungi, tangi lisilofunikwa, tairi bovu, kifuu cha nazi kilichoachwa uani baada ya mvua. Hutaga mayai pembeni mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukauka na kukaa miezi kadhaa bila kufa. Maji yakipanda tena yakayafikia, huanguliwa. Kwa sababu hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo ni lazima kisuguliwe ndani.

Na hapa ndipo lawama inapozoea kuangushiwa mwananchi isivyo haki. Husemwa kwamba wananchi hawana mwamko. Lakini mama wa Micheweni au wa Wete ambaye maji ya bomba humfikia kwa siku na saa fulani tu hana budi kuyaweka akiba, na kila pipa la akiba ni nyumba ya mbu huyu. Kumhubiria aondoe vyombo vya maji ni kumhubiria akae na kiu. Anachohitaji ni mfuniko unaoziba sawasawa, au kipande cha chandarua chakavu kilichofungwa mdomoni mwa pipa, na baada ya hapo maji ya bomba ya uhakika. Kwa hiyo mtumishi wa idara ya maji anayetengeneza pampu anafanya kazi ya afya, apende asipende, na mipango ya wilaya ingefaa kumhesabu hivyo. Ilizoeleka zamani kuwataja maradui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, kana kwamba kila mmoja ana kambi yake. Katika pipa la maji lisilo mfuniko wote watatu hukutana.

Kwa mhudumu wa afya, jambo linalomhusu ni zito zaidi, kwani kosa lake laweza kuua. Mgonjwa mwenye homa ya ghafla, maumivu makali ya kichwa na nyuma ya macho, viungo vinavyouma na pengine vipele, ambaye kipimo chake hakionyeshi malaria, huenda akawa na dengue. Huyo hapaswi kupewa aspirini, wala diklofenaki, wala aibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu. Hupewa parasetamoli na vinywaji vingi. Tena hatari yenyewe haiji homa inapopanda. Huja inaposhuka, mnamo siku ya tatu hadi ya saba, wakati jamaa wameshaanza kushukuru. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu katika fizi au puani, mgonjwa kulegea au kuhangaika: hizo ni ishara za kumkimbiza hospitali bila kungoja kesho. Chikungunya kwa upande wake huua kwa nadra, ila huacha viungo vikiuma kwa wiki au miezi, na mkulima wa karafuu asiyeweza kukunja magoti wakati wa mavuno amepata hasara isiyoandikwa katika takwimu yoyote.

Mhudumu anayejua hayo humwambia mama maneno mengine kabisa. Badala ya kusema hakuna malaria na kunyamaza, husema kwamba malaria haimo, kwamba yumkini ni homa ya virusi, atumie dawa hii, asitumie ile, na arudi akiona dalili hizi. Maneno hayo hayagharimu kitu, nayo humwondolea mama haja ya kupitia dukani.

Linabaki suala la daftari. Kituo kinachoandika malaria peke yake na kuyaacha majibu mengine yote yapotee chini ya neno homa hakitaona mlipuko hata ukipita mlangoni. Wagonjwa 12 wa shehia moja, wote wenye homa na viungo kuuma, wote bila malaria, ndani ya wiki moja, ni habari ya kupelekwa wilayani siku hiyo hiyo. Maabara ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, imekuwapo tangu mwaka 2000, na uchunguzi wa maradhi kisiwani umepata msaada mkubwa hapo. Lakini hakuna maabara inayoweza kupima damu isiyotolewa. Wala umakini huo haumaanishi kuisahau malaria. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya mvua kubwa, wagonjwa wa malaria waliongezeka tena Zanzibar, na waliokumbuka yaliyofuata baada ya mwaka 1968 hawakustaajabu.

Kuhusu skuli, kazi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mbu huyu huhitaji kama wiki moja au zaidi kidogo kutoka yai hadi kuruka, na kwa kawaida haruki mbali na mahali alipozaliwa, hivyo mbu wanaouma darasani aghalabu wamezaliwa uwanjani mwa skuli yenyewe. Ndoo zile zile zilizowekwa milangoni ili watoto wanawe mikono kwa kuogopa kipindupindu, zikiachwa na maji tangu Ijumaa moja hadi nyingine, hulea viluwiluwi. Darasa moja likipewa siku moja maalumu ya kila wiki, wanafunzi wakazimwaga na kuzisugua ndoo hizo, wakatazama tangi kama mfuniko umekaa sawa, wakaokota vifuu na makopo nyuma ya vyoo, kazi hiyo humalizika kabla kengele ya kipindi cha pili haijagongwa.