Somo la Historia: Chama cha Umma cha Zanzibar

Fungueni madaftari yenu, mwandike neno la leo: UMMA. Maana yake ni watu wote wa nchi pamoja. Neno hili lilikuwa jina la chama kimoja kidogo cha Zanzibar. Chama hicho hakikutimiza hata mwaka mmoja, lakini habari zake zafaa kujulikana.

Mwanzoni mwa mwaka 1963 Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza. Vyama vilikuwa vitatu: Hizbu, Afro-Shirazi na ZPPP. Katibu mkuu wa Hizbu alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu. Mwaka huo hakupatana tena na viongozi wenzake. Akatoka, akaunda Chama cha Umma.

Wafuasi wake wengi walikuwa vijana na wafanyakazi. Walishika mafundisho ya Karl Marx. Walisema hivi: kinachowatenga watu si kabila, ni mali. Mwenye shamba ni mmoja, mchuma karafuu ni mwingine. Kwa hiyo Mwarabu maskini na Mwafrika maskini wana haja moja.

Julai 1963 watu walipiga kura. Afro-Shirazi walipata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na ZPPP walipata viti 18, wakashika serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Mapema Januari 1964 serikali hiyo ikakipiga marufuku Chama cha Umma, chama kisicho na kiti hata kimoja.

Tarehe 12 Januari yakatokea Mapinduzi. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu. Siku hiyo Babu alikuwa Dar es Salaam. Vijana wa Umma walijiunga na Mapinduzi. Babu akarudi, akawa waziri wa mambo ya nje. Machi 1964 Chama cha Umma kikaingia ndani ya Afro-Shirazi, na jina lake likaisha.

Sasa tazameni jambo moja. Serikali ya kwanza ilikifungia mlango chama kimoja. Serikali iliyofuata ilivifungia vyama vyote isipokuwa chake. Mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1992. Babu mwenyewe alikamatwa mwaka 1972, baada ya Rais Karume kuuawa. Alikaa kifungoni Tanzania Bara, na huko Zanzibar akahukumiwa kifo bila ya kuwapo mahakamani. Aliachiwa mwaka 1978, akafariki London mwaka 1996.

Basi msiulize tu, "Chama hiki ni changu?" Ulizeni pia, "Asiyekubaliana nami ana mahali pa kusema?" Kwani mlango unaomfungia jirani leo, kesho waweza kukufungia wewe.

Maswali. Andikeni majibu kwa sentensi kamili:

1. Neno "umma" lina maana gani?
2. Wafuasi wa Umma walisema watu hutengwa na nini?
3. Afro-Shirazi walipata kura nyingi. Kwa nini hawakushika serikali?

Someaneni majibu yenu kwa sauti. Kwaherini, mpaka somo lijalo.