Albamu Bora ya Mwaka: Nani Kahesabu?

Kila mwaka ukikaribia ukingoni, mashabiki wa muziki wa roki huanza ubishi usiokuwa na refa. Albamu ipi ndiyo bora ya mwaka? Mmoja atataja hii, mwenzake atacheka, na wa tatu atasema nyote wawili hamjui muziki. Wale mliopata kukaa kibarazani mkabishana juu ya Sikinde na Msondo hamna haja ya kuelezwa mambo yanavyokwenda. Huanza kwa gitaa la solo, na huishia kwa kuulizana nani kazaliwa lini.

Nimepokea barua kutoka kwa ndugu wawili, mtu na mdogo wake, wanaotaka niwaamulie. Kaka mtu anasema mwaka 1991 ulikuwa wa Metallica, kwa kuwa ndio waliouza. Mdogo anasema ulikuwa wa Nirvana, kwa kuwa wahakiki ndivyo walivyosema. Ubishi wao umenifurahisha, maana wamechagua mwaka ulio mgumu kuliko yote. Ila nadhani hawabishani juu ya jambo moja. Kila mmoja ameshika mizani yake, na hajaangalia mwenziwe anapimia nini.

Hebu kwanza tuutazame mwaka wenyewe. Mwezi Machi R.E.M. walitoa Out of Time, ile yenye kibao kilichobebwa na mandolini, chombo ambacho watu wa roki hawakukitarajia. Tarehe 12 Agosti wakatoka Metallica na albamu yenye jalada jeusi tii. Tarehe 27 Agosti, Pearl Jam na Ten. Tarehe 17 Septemba, Guns N' Roses wakatoa albamu mbili kwa siku moja, Use Your Illusion ya kwanza na ya pili. Wiki moja baadaye, tarehe 24, zikatoka siku moja Nevermind ya Nirvana na Blood Sugar Sex Magik ya Red Hot Chili Peppers. Kabla Novemba haijaisha walikuwa wameingia U2 na Achtung Baby. Shabiki wa mshahara wa kawaida aliyetaka zote ilimbidi akope.

Sasa tuje kwenye mizani ya kaka mtu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mashabiki wengi wakibanwa hukimbilia hapo: kama si nzuri, mbona imenunuliwa na watu wote hawa? Na kweli, albamu ile nyeusi ya Metallica imeuza Marekani peke yake zaidi ya nakala milioni 16. Lakini ukisema imeuza, ni lazima uulize nani kahesabu. Na katika mwaka 1991 swali hilo lilikuwa na jibu la ajabu, kwa sababu hesabu yenyewe ilibadilishwa katikati ya mwaka.

Kabla ya hapo jarida la Billboard, ambalo ndilo lililopanga chati za Marekani, lilikuwa likiwauliza watu wa maduka ya santuri. Simu inapigwa, muuzaji anaulizwa wiki hii kimeuzwa nini, naye anataja kwa mpango: ya kwanza hii, ya pili hii. Hakuna risiti iliyotazamwa. Muuzaji alitaja alichokikumbuka, alichokipenda, au kile ambacho mjumbe wa kampuni ya kurekodi alimwomba akikumbuke. Muuzaji ni binadamu. Ukimletea tiketi ya onyesho na kanda mbili za bure, kumbukumbu yake hufunguka.

Basi tarehe 25 Mei 1991 chati ya albamu ikaanza kupangwa kwa mfumo ulioitwa SoundScan. Ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye kila bidhaa inasomwa na mashine pale pale mteja anapolipa, na hesabu inakusanywa. Kilichotokea wiki zilizofuata kiliwashtua wakubwa wa biashara ile. Muziki wa kantri, ambao watu wa mijini walidhani ni wa wazee wa shamba, ulipanda juu, na mwezi Septemba Garth Brooks akaingia chatini moja kwa moja namba moja. Kundi la rapu la N.W.A likashika namba moja mwezi Juni. Skid Row, watu wa roki nzito yenye makelele, nao wakaingia kwa kishindo mwezi huo huo. Na Agosti, Metallica wakaanzia kileleni wiki ya kwanza.

Muziki haukugeuka kati ya Jumamosi moja na nyingine, msikilizaji. Wale wavulana wa nywele ndefu walionunua roki nzito walikuwa wakiinunua miaka yote, lakini mtu wa dukani hakuwaona wateja wa maana. Ilihitajika mashine isiyojua dharau ili wahesabiwe. Kwa hiyo kaka mtu anapotaja mauzo ya Metallica ana haki, tena haki kubwa kuliko anavyojua. Lakini asinitajie mauzo ya miaka ya nyuma kana kwamba nayo yalipimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Nirvana wenyewe walianzia chini kabisa. Nakala za Nevermind zilizopelekwa kwanza katika maduka ya Marekani zilikuwa kama 46,000 tu, kwani kampuni haikutegemea makubwa. Albamu ikaingia chatini namba 144. Ikapanda wiki kwa wiki, televisheni ya MTV ikiirudia video yao mchana na usiku, hadi tarehe 11 Januari 1992 ikamwondoa namba moja Michael Jackson na Dangerous yake. Hapo sipingi: kizuri kilijiuza. Ila kilijiuza kikiwa na MTV mlangoni.

Sasa mizani ya mdogo mtu, yaani wahakiki. Huko New York gazeti la Village Voice liliendesha kwa miaka mingi kura ya wahakiki wa nchi nzima, na utaratibu wake naupenda hata leo. Kila mpiga kura alipewa alama 100 azigawe kwa albamu 10. Hakuna albamu inayopata zaidi ya alama 30, wala pungufu ya 5. Ukitaka kumpa mpenzi wako nyingi, unawanyang'anya wengine. Huwezi kusema zote nzuri ukaondoka. Mwaka 1991 kura hiyo ilikwenda kwa Nevermind, na mdogo mtu hapo ana ushahidi.

Lakini wahakiki hawakuwa kitu kimoja. Jarida la SPIN, la Marekani vile vile, ambalo wasomaji wake walikuwa vijana hasa wa muziki huu, liliiweka Nevermind kando na kuitaja albamu bora ya mwaka kuwa Bandwagonesque, ya Teenage Fanclub, vijana wa Bellshill karibu na Glasgow, Scotland. Hadi leo watu huwacheka SPIN kwa uamuzi huo. Hutajwa kama mfano wa mtu aliyekuwa na dhahabu mkononi akaokota kioo.

Mimi nawatetea. Wale wahariri walikaa mwisho wa mwaka 1991, wakasikiliza, wakachagua kilichowapendeza masikioni. Hawakujua Nirvana watageuka kuwa jina la zama zao. Hawakujua kwamba Kurt Cobain atafariki Aprili 1994 na kila wimbo wake utaanza kusikika kwa namna nyingine. Sisi tunaowacheka tumeshasoma mwisho wa kitabu. Na Bandwagonesque ni albamu nzuri, yenye magitaa yanayokwaruza na sauti tamu zinazopandana bila papara. Wanaoicheka zaidi ni wale ambao hawajawahi kuisikiliza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mhakiki akichagua kile kile ambacho kila mtu atakikubali miaka kumi baadaye, hujui kama alisikiliza au alibahatisha.

Kuna mizani ya tatu nayo, ya watu wa kazi wenyewe. Tuzo za Grammy za Februari 1992 ziliwapa R.E.M. zawadi ndogo, na ile kubwa ya albamu ya mwaka wakampa Natalie Cole, aliyeimba nyimbo za marehemu baba yake, Nat King Cole. Sina ugomvi na Natalie, sauti yake ilikuwa ya kutuliza roho. Ila ukitaka kujua watu wazima wa biashara ya muziki walikuwa wakisikiliza nini jioni nyumbani kwao, wakati vijana wao wanavunja vitanda kwa kurukaruka, tuzo hiyo inakwambia.

Jambo ambalo hao ndugu wawili hawakuligusa kabisa liko London. Kampuni ndogo ya kurekodi iitwayo Creation ilitoa, kati ya Septemba na Novemba 1991, albamu tatu: Screamadelica ya Primal Scream, Bandwagonesque hiyo hiyo, na Loveless ya My Bloody Valentine. Ya kwanza ilichanganya roki na muziki wa kumbi za dansi za usiku, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Mercury ya Uingereza, ambayo ndiyo ilikuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Hii ya tatu ilichukua kama miaka miwili kurekodiwa, katika studio moja baada ya nyingine, huku fedha zikiteketea na mwenye kampuni akipoteza usingizi. Ukiisikia mara ya kwanza unadhani kanda imeliwa na redio. Magitaa yamerundikana kama mawingu, sauti ya mwimbaji iko chini kabisa, huelewi anasema nini. Iligusa namba 24 katika chati ya Uingereza, basi. Haukupita muda Creation wakaachana na kundi hilo.

Sasa tazama. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilipopanga albamu 500 bora za wakati wote, Loveless ilikuwa namba 219. Lilipopanga upya mwaka 2020, ikawa namba 73. Kanda ni ile ile. Hakuna aliyerudi studio kuongeza gitaa. Waliobadilika ni wapiga kura: waliokuwa vijana wa miaka ishirini walipoinunua sasa wamekuwa wahariri na wanamuziki, na wamekuja na kanda zao mfukoni.

Na ipo nyingine iliyopita karibu bila kuonekana. Machi 1991 vijana wa Louisville, Kentucky, walioitwa Slint, walitoa Spiderland, vibao sita, mwimbaji akizungumza zaidi kuliko kuimba. Albamu inaingia madukani, kundi lenyewe limeshavunjika. Nani ataitembeza? Steve Albini, fundi wa studio aliyekuja kuwarekodi Nirvana mwaka 1993, aliiandikia sifa kubwa katika gazeti la Uingereza la Melody Maker, na wachache wakamsikia. Vikundi vingi vya miaka iliyofuata vilijifunzia hapo. Wahenga watanisamehe: hiki kilikuwa kizuri, na hakikujiuza.

Mimi nyingi kati ya albamu hizi nilizisikia kwa kanda za kunakiliwa, miaka miwili mitatu baada ya kutoka, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino na mara nyingine limekosewa. Kwa hiyo sina mauzo wala tuzo ninayoweza kuitetea. Nina masikio tu, na kalamu, na zile alama 100 za utaratibu wa Village Voice. Nimekaa nikazigawa.

Loveless nimeipa 20. Nevermind 15, sauti ile ya Cobain haijachakaa, ingawa ngoma za Dave Grohl ndizo zinazonirudisha. U2 nao 15, kwa ujasiri wa kwenda Berlin na kuutupa ule muziki uliowatajirisha. Metallica 10, Out of Time 10, Spiderland 10. Screamadelica, Ten na Bandwagonesque tano tano. Guns N' Roses hawakupata kitu: katika zile albamu mbili, kisu kikali kingetoa moja nzuri sana, lakini hakikupatikana.

Hapo zimebaki alama tano na nafasi moja. Nafasi hiyo nimemwekea mtu aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury. Innuendo ya Queen ilitoka Februari 1991. Uingereza ilishika namba moja, Marekani haikujaliwa sana, na katika ubishi wa roki wa mwaka ule sijamsikia mtu akiitaja. Ilirekodiwa na mtu aliyejua kwamba anakufa, huku wenzake watatu wakimfichia siri. Tarehe 23 Novemba aliutangazia ulimwengu kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Sauti iliyomo ndani ya albamu ile haina dalili ya mgonjwa. Ina dalili ya mtu mwenye haraka.

Mdogo mtu ataniambia kwamba hapo nimepima kwa damu na si kwa masikio, kwamba nampendelea kwa kuwa ni wa kwetu. Pengine. Lakini nimeirudia juzi usiku, kanda nzima, taa zimezimwa, na alama tano naziona chache. Nampa 10. Hizo tano nyingine nazitoa kwa U2, nao wabaki na 10.