Daktari Kijana na Mwenye Silaha



Usiku unapoingia katika mtaa wa Mutanga Sud, mjini Bujumbura, milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hutoweka gizani, na taa za nyumba zikawaka moja baada ya moja. Chuo Kikuu cha Burundi kina kampasi yake ya Mutanga upande huo huo wa mji, na kwa hiyo wanafunzi ni sura za kila siku katika njia za hapo. Baadhi yao husomea udaktari, na mafunzo yao huwapeleka Kamenge, kaskazini ya mji, penye hospitali kubwa ya chuo hicho. Askari wa doria apitaye saa nane za usiku, akaona dirisha moja lina mwanga wa mshumaa, asifanye haraka kudhani kwamba pana njama inayopangwa. Huenda ni kijana anayeihesabu mifupa ya mkono kwa mara ya ishirini, naye asubuhi ana mtihani.

Mazungumzo haya yanamhusu kijana huyo. Yawezekana baadhi ya wasikilizaji wakauliza: masomo ya udaktari yana uhusiano gani na lindo, bunduki na kizuizi cha barabarani? Jibu ni kwamba ni nadra kuwapata watu wanaohitajiana kama hawa wawili. Askari akijeruhiwa, uhai wake huwa mikononi mwa daktari, ambaye aghalabu ni kijana aliyemaliza chuo mwaka jana au mwaka juzi. Na daktari huyo hawezi kuifanya kazi yake pasipo mwenye silaha kumwachia nafasi. Askari wa Burundi waliokwenda Somalia tangu Desemba 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, hawahitaji kufundishwa somo hilo.

Njia ya kuufikia udaktari ni ndefu. Masomo yenyewe hayapungui miaka 6. Miaka ya mwanzo ni ya vitabu: anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, fiziolojia, yaani elimu ya jinsi viungo hivyo vinavyofanya kazi, na elimu ya maradhi na dawa. Wako vijana wanaoingia chuoni wakiwa wamezoea kuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi. Matokeo ya mtihani wa kwanza yanapobandikwa ukutani, wengine hujikuta chini kabisa. Ni maumivu ya namna yake kwa mtu aliyesifiwa na kilima kizima cha kwao. Kuruta anayeikumbuka wiki yake ya kwanza ya kwata atalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi. Wanaofika mwisho si lazima wawe wale wenye akili nyingi kuliko wote. Mara nyingi ni wale waliokubali kuanza upya bila kuona haya.

Baada ya vitabu huja wodi. Hapo mwanafunzi hugundua kwamba mgonjwa hasemi lugha ya kitabu. Masomo hufundishwa kwa Kifaransa, lakini mama aliyeteremka kutoka milimani hueleza maumivu yake kwa Kirundi, na mzee wa Buyenzi huyaeleza kwa Kiswahili. Mwanafunzi hana budi kuyapokea maneno hayo, kuyapeleka kwa mwalimu wake kwa Kifaransa cha kitaalamu, kisha kuurudisha uamuzi kwa mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Akikosea neno moja katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, dawa yaweza kutolewa isivyopasa. Hii ni sehemu ya udaktari isiyoandikwa katika ratiba yoyote.

Tena yako matatizo madogo madogo ambayo yakijumlishwa huwa mlima. Chumba kimoja hulaliwa na watatu. Kitabu kimoja chenye thamani kubwa huzungushwa kwa zamu. Umeme hukatika. Uhaba wa petroli ulioisumbua Burundi katika miaka ya 2020 uliwafanya watu wengi watembee kwa miguu kwenda kazini na kurudi, na mwanafunzi anayetoka zamu ya usiku hakuachwa nje ya taabu hiyo. Mwishoni huandika tasnifu, akaitetea mbele ya jopo la walimu, akala kiapo. Jamaa hushangilia, hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza.

Daktari mpya akipelekwa katika hospitali ya wilaya, mbali na mji mkuu wa biashara, hukuta kwamba mwalimu aliyekuwa akimtazama begani hayupo tena. Saa tisa za usiku analetwa mama ambaye uchungu wake umegoma tangu jana, na uamuzi ni wa daktari huyo peke yake. Tarehe 1 Mei 2006 Serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Lilikuwa jambo jema, na wagonjwa waliokuwa wakibaki majumbani kwa kukosa fedha wakafurika hospitalini. Lakini madaktari hawakuongezeka siku ile ile. Mzigo huo uliwaangukia waliokuwapo, wauguzi kwa madaktari, wakongwe kwa vijana.

Kisha hufika siku ambayo kila daktari huikumbuka, siku ya kufiwa na mgonjwa wake wa kwanza. Vitabu humwambia sababu ya kifo, lakini havimwambii la kusema kwa jamaa wanaongoja barazani. Katika saa hiyo, daktari kijana mwenye busara humsikiliza muuguzi mkongwe ambaye ameona mengi kuliko yeye. Mwenye kiburi huona haya kuuliza, na haya hiyo yaweza kuua. Wapo pia wanaochoka kwa mshahara mdogo na upweke, wakavuka mipaka kutafuta kazi ng'ambo. Ni rahisi kuwalaumu. Ni vigumu zaidi, na ni haki zaidi, kuuliza ni nani aliyesimama nao katika miaka yao miwili ya kwanza.

Uko mfano mmoja unaostahili kukumbukwa. Mwaka 1976 kijana wa Bukavu aitwaye Denis Mukwege alivuka mpaka kuja Bujumbura kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Burundi. Alikuwa mtoto wa mchungaji. Utotoni aliandamana na baba yake kwenda kuwatembelea wagonjwa, akaona kwamba baba aliweza kuwaombea lakini hakuweza kuwapa dawa. Alihitimu mwaka 1983, akaenda kufanya kazi Lemera, katika milima ya Kivu ya Kusini. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwatibu watoto. Lakini huko Lemera aliwaona wanawake wakifika wamechelewa, wakavuja damu hadi kufa kwa sababu ya uzazi tu. Basi akabadili njia, akaenda kusomea magonjwa ya wanawake katika mji wa Angers, Ufaransa, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi.

Ndipo jambo linalowahusu wenye silaha likatokea. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye bunduki waliivamia hospitali ya Lemera. Wagonjwa zaidi ya 30 waliuawa, wengine vitandani mwao, na wauguzi pia. Daktari Mukwege mwenyewe hakuwapo siku ile. Kazi ya miaka mingi ilivunjwa kwa muda mfupi, na kwa muda mrefu mama mwenye uchungu katika milima ile hakuwa na pa kupelekwa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, akitumaini kuwazalisha wanawake kwa usalama. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua, alikuwa mwanamke aliyenajisiwa na kupigwa risasi. Tangu hapo makumi ya maelfu ya wanawake waliodhulumiwa wametibiwa hapo. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvizia nyumbani kwake. Mlinzi wake aliuawa, yeye akaokoka. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Bujumbura nayo ina kumbukumbu zake. Katika vita vilivyozuka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, chuo hakikuwa kisiwa. Mwaka 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga. Jambo hilo halitajwi kwa ajili ya kufukua chuki. Latajwa kwa sababu kila mwanafunzi anayeuawa au kukimbia huchukua pamoja naye wagonjwa wote ambao angewatibu kwa miaka arobaini. Hesabu hiyo haionekani siku ya mauaji. Huonekana miaka kumi baadaye, hospitali inapokuwa na vitanda na haina daktari. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalifungua njia ya kuundwa upya kwa jeshi na polisi, kusudi sare iwe kinga ya raia wote bila kubagua.

Sheria kuhusu jambo hili iko wazi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 huagiza kwamba majeruhi na wagonjwa wakusanywe na kuuguzwa, awe rafiki au adui. Tarehe 3 Mei 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake namba 2286, lililaani mashambulizi dhidi ya hospitali na watumishi wa afya. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Hutembezwa na koplo aliye kizuizini usiku wa manane.

Kwa hiyo yapo mambo machache yanayompasa kila askari. Gari la wagonjwa lisicheleweshwe kizuizini. Daktari anayekwenda zamu usiku, akionyesha kitambulisho chake, apitishwe kwa heshima. Silaha isiingizwe wodini kwa kujionyesha. Askari aliyeleta mwenzake aliyejeruhiwa asimtishe daktari ili amruke mgonjwa aliye hatarini zaidi, kwa kuwa daktari mwenye mikono inayotetemeka hamfai mtu yeyote. Na mtuhumiwa aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, ahojiwe baadaye. Daktari anayemtibu mhalifu hajawa mshirika wa uhalifu. Ametimiza kiapo chake, kama askari anavyotimiza chake.

Daktari naye ana wajibu wake. Hana ruhusa ya kumpuuza mgonjwa kwa sababu ya kabila, chama au sare aliyoivaa. Serikali nayo yapasa kumpa kijana huyo dawa, vyombo, mshahara unaomtosha na mkubwa wa kumwongoza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na daktari mmoja hawezi kuibeba wilaya.

Kijana wa dirisha lile la Mutanga Sud bado hajulikani jina, na huenda usiku huu anafikiri kwamba hakuna amtazamaye. Mshumaa wake utakapozimika atakuwa ameongeza ukurasa mmoja tu. Lakini siku moja, katika hospitali ya mbali, askari ataletwa akivuja damu, na ukurasa ule ndio utakaohitajika. Doria inayopita chini ya dirisha hilo bila kumtia hofu imekwisha kushiriki katika matibabu hayo.