Mvumo na Yowe katika Kikuza Sauti cha Gitaa

Jioni hii nitasema nanyi habari za ugonjwa unaowasumbua wale wajengao kwa mikono yao vikuza sauti vya gitaa vya namna ya kale, vyenye taa za kioo ambazo mafundi huziita valvu. Mtu hukaa miezi akilehemu, na siku ya kuwasha ikifika, badala ya gitaa husikia mvumo kama wa nyuki mzingani, au yowe la kumfukuza chumbani.

Nitatwaa mfano mmoja, mchoro uitwao 5F1, wa chombo kidogo kwa jina Champ, kilichouzwa na kampuni ya Fender ya California katika miaka ya 1950. Wajenzi wengi huanza nacho hata leo, kwa kuwa kina valvu tatu tu: 12AX7 ya kukuza sauti ingali changa, 6V6 ya kuipa nguvu ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda upande mmoja.

Kwanza hatari. Ndani yake mna volti zaidi ya 300, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kung'olewa. Basi ng'oa plagi, umwage umeme uliobaki kwa kuupitisha katika rezista ya ohmu 10,000 iliyofungwa kwenye waya zenye vishikio visivyopitisha umeme, kisha pima kwa mita. Mita ikisoma sifuri ndipo utie mkono. Wala usiwashe chombo bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Sasa tuusikilize mvumo wenyewe, kwani una sauti yake. Katika Kenya, Uganda na Tanzania umeme hupiga mara 50 kwa sekunde. Tengeneza nyuzi za gitaa lako sawasawa, ubonyeze uzi mnene kuliko zote nyuma ya chuma cha tatu cha shingo, uupige. Huo hutetema mara 98, karibu na 100. Mvumo ukilingana na sauti hiyo, umetoka katika umeme uliogeuzwa na 5Y3 lakini haukutulizwa vyema. Shuku kapasita kubwa za kutuliza, au mahali zilipofungwa. Ukiwa chini yake kwa oktavu nzima, basi ni ule wa mara 50, ambao mara nyingi hutoka katika nyaya za kupashia valvu moto. Hizo zisokotwe pamoja kwa nguvu, zipite mbali na nyaya za sauti. Ikiwa transfoma haina waya wa katikati, fungeni rezista mbili za ohmu 100, kila moja kutoka upande wake mpaka kwenye chasisi.

Kisha utafute chumba alimojificha mwizi. Zungusha kitufe cha sauti mpaka chini. Mvumo ukitoweka, kosa liko kabla ya kitufe, yaani kwenye tundu la gitaa au nusu ya kwanza ya 12AX7. Usipotoweka, zima, toa 12AX7, uwashe tena. Ukinyamaza sasa, kosa liko katika nusu ya pili ya valvu hiyo. Ukiendelea, liko katika 6V6 au katika umeme unaoilisha. Kazi ya dakika tano, nayo huokoa juma zima la kubadilisha vitu ovyo.

Kijana mmoja aliniletea chombo chake akiwa amekwisha kukata waya wa ardhi katika plagi, kwa shauri la rafiki. Mvumo haukupungua. Nikamwuliza, "Mwanangu, nyuzi za gitaa lako zimefungwa wapi?" Akafikiri, akasema, "Kwenye chasisi, fundi." Basi transfoma ikivuja umeme kwenye chasisi, umeme huo hauna njia ila mikono ya mpigaji, na huyu alikuwa apige arusini Jumamosi. Tulipofungua tuliona kapasita ya kwanza ya kutuliza imefungwa kwenye skrubu ileile ya tundu la gitaa, hata mikupuo yote ya umeme ikawa inapita mlangoni pa sauti. Tuliihamishia karibu na transfoma, mvumo ukaisha. "Kumbe ule waya haukuwa na kosa," akasema. Nikampa bisibisi aurudishe palepale.

Yowe ni jambo jingine. Katika 5F1 sehemu ndogo ya sauti hurudishwa kutoka spika mpaka kathodi ya nusu ya pili ya 12AX7, kwa njia ya rezista ya ohmu 22,000, ili kuizuia sauti isiharibike. Nyaya za transfoma ya kutolea zikifungwa kinyume, kile kilichokusudiwa kuzuia huchochea, na chombo hupiga yowe mara valvu zipatapo moto. Fungua ncha moja ya rezista hiyo. Yowe likikoma, badilishana nyaya mbili za upande wa spika, uirudishe rezista.

Kama yowe huja pale tu sauti inapopandishwa juu, mara nyingi waya wa anodi ya 6V6 unapita karibu na waya wa kuingizia gitaa. Tumia kijiti kikavu cha mti, usisogeze kwa kidole, ukisikiliza ni wapi sauti inabadilika. Rezista ya ohmu 68,000 ya mlangoni nayo ikae kwenye soketi ya valvu yenyewe, isiwe mwisho wa waya mrefu. Na chombo kikitoa putu-putu kama mtambo wa mashua, rudi kwenye kapasita za kutuliza: moja imekufa, na hatua moja inaitikisa nyingine kwa njia ya umeme wanaoshirikiana.