Majina Yasiyo na Kibao
(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, nchi nzima iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara zetu zikapata majina, nyumba zikapata namba, vibao vikasimikwa. Ilikuwa kazi njema. Lakini kijito hakina mlango wa kubandikwa namba, wala hame halina barabara. Majina yake yamebaki vinywani mwa wazee, na kila tutokapo mazikoni yamepungua.

Hili si suala la kumbukumbu tu. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, waliacha mahame yenye miembe, mikorosho na makaburi ya wazazi wao. Leo wajukuu wanarudi kuyaulizia. Baraza la ardhi la kijiji linaketi, shahidi anasema, "Mpaka wetu ni kile kijito." Kijito kipi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yataka mipaka ikubaliwe na vijiji jirani, na ni vigumu kukubaliana juu ya mahali ambapo kila upande unapaita kivyake. Huku maingilioni mwa Ruvuma shida ni kubwa zaidi, maana mto wenyewe huhama: palipokuwa na kisiwa cha mchanga, msimu ujao pana maji.

Ndiyo maana tunawaomba watendaji wa vijiji wafungue daftari la majina. Jina liandikwe kama linavyotamkwa na mwenyeji. Livingstone, aliyeshukia Mikindani mwaka 1866, aliandika Rovuma, na ndugu zetu wa Msumbiji huandika hivyo hadi leo. Sisi twaandika Ruvuma. Ng'ambo ya mto, Kionga ya ramani za Wajerumani ikawa Quionga baada ya Wareno kuitwaa mwaka 1916. Tusiwalaumu wageni peke yao. Karani wetu akisikia Kimakonde kikitamka "chi", naye akaandika "ki" kwa kudhani anasanifisha Kiswahili, amefanya yale yale.

Wasiulizwe wazee wa kiume tu, ambao ndio huitwa kwanza. Akina mama wanaoteka maji hujua kila kisima, na wale washukao pwani maji yakipwa hujua miamba ambayo haimo katika ramani yoyote. Wavuvi nao wana majina ya mikondo na vilindi vya mikokoni.

Karibu na jina iandikwe maana yake, ikijulikana, pamoja na alama ya mahali: mbuyu, kaburi, kivuko. Na vijiji viwili vikikiita kijito kimoja kwa majina mawili, karani asiamue mshindi. Ayaandike yote mawili, aonyeshe lipi ni la upande upi.