KUMFAHAMISHA MWENZIO BILA KUMDHARAU
(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Nataka nianze na kosa langu mwenyewe. Ramadhani moja tulikuwa mkekani tukifuturu, na kati yetu alikuwapo kaka mmoja aliyesilimu miezi michache tu nyuma. Akatueleza, kwa unyonge, kwamba mchana ule alisahau akanywa maji kazini, glasi nzima, ndipo akakumbuka kuwa amefunga. Nami nikamrukia: "Lo! Hata mtoto wa chuoni anajua hukumu ya hilo!" Wenzangu wakacheka. Naye akacheka pia. Lakini kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Hukumu niliijua, alhamdulillah. Anayekula au kunywa kwa kusahau, swaumu yake haikuvunjika, aendelee tu. Ilimu nilikuwa nayo. Adabu ndiyo iliyonikosa.

Sasa mtazame Adiy bin Hatim (R.A.), mwana wa yule Hatim wa kabila la Tayy aliyesifika kwa ukarimu. Adiy alikuwa Mkristo kabla ya kusilimu, kwa hivyo naye alikuwa mgeni katika dini. Aya ya 187 ya Suratul Baqarah inataja uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Basi yeye akachukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake, akawa anazitazama usiku. Haoni tofauti! Asubuhi akaenda kumweleza Mtume (S.A.W.). Mtume akamwambia kwamba basi mto wake ni mpana sana, kisha akamfahamisha kuwa makusudio ni giza la usiku na weupe wa mchana. Yakaisha.

Na kisa hiki tumekijuaje? Ni Adiy mwenyewe aliyekisimulia, nacho kimo katika Sahih Bukhari. Vivyo hivyo Muawiya bin al-Hakam (R.A.), aliyemwombea rehema mtu aliyepiga chafya, nao wako ndani ya swala! Watu wakamkodolea macho, wakajipiga mapaja. Mtume alipomaliza kuswali hakumkemea, hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba swala si mahali pa mazungumzo ya watu. Hilo pia kalisimulia mwenyewe. Jamani, mtu aliyeaibishwa hulificha kosa lake. Hawa wawili wamelihadithia mpaka likatufikia sisi. Hebu jiulize, wale uliowafundisha wewe wanahadithia?

Na si mambo ya dini peke yake. Mama anakuuliza jinsi ya kutuma pesa kwa simu. Wewe unamnyang'anya, "Lete hapa!", vidole vinakimbia, umemaliza. Amejifunza nini? Kwamba asikuulize tena. (Dada zetu afadhali kidogo, sisi wavulana ndio tumezidi.) Mwachie simu mkononi mwake, abonyeze mwenyewe, akikosea arudie. Wewe kaa kando, una haraka ya wapi?

Mwenzio akikosea, muulize kwanza yeye amefahamu vipi. Adiy aliichukua aya kama alivyoisikia, akakatiza usingizi wake kwa ajili yake. Ukiliona hilo, utamchekaje? Na kama kuna watu, mvute pembeni. Yale maneno ya "ni rahisi tu" na "hata mtoto anajua" tuyaache. Kwako ni rahisi kwa sababu ulipelekwa chuoni ukiwa mdogo, tena pengine kwa bakora.

Yule kaka nilimfuata nyumbani siku ya tano. Alinikaribisha vizuri, nikamwomba radhi. Akasema hana neno na mimi, ila anangoja Ramadhani iishe ailipe ile siku moja iliyovunjika. Wallahi nilishtuka. Kumbe katika kucheka kwetu kote, hukumu yenyewe sikuwa nimemwambia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.